Kariakoo na wazee wasio na tarehe

Soko Kuu la Kariakoo lina tarehe zake. Jengo lilichorwa na Beda Amuli, likafunguliwa 1975, likaungua Julai 10, 2021. Soko lililotangulia lilifunguliwa 1923, ndani ya jengo lililojengwa na Wajerumani na ambalo Waingereza walilitumia, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kuweka wapagazi wa jeshi. Hao ndio Carrier Corps walioipa Kariakoo jina lake. Hata shamba lililokuwapo kabla ya yote hayo linajulikana: lilikuwa la Schoeller, na mwaka 1914 serikali ya Kijerumani ilikuwa imekwisha kulitenga liwe makazi ya Waafrika.

Tarehe hizo zinaishia mlangoni. Pita Mtaa wa Swahili au Narung'ombe, umkute bikizee amekaa barazani, mpe shikamoo, kisha muulize ana miaka mingapi. Mara nyingi hatakutajia namba. Atakutajia habari: alizaliwa Mjerumani angalipo, au alikuwa mwari shilingi ilipoingia, au mama yake alikuwa amembeba mgongoni mwaka wa ile homa iliyoua watu wengi. Namba utazipata kwa wajukuu, na kila mmoja atakuwa na yake. Huyu atasema mia na tatu, yule mia na kumi, na wa mwisho, ambaye ndiye mdogo kuliko wote, atasema mia na kumi na tano.

Orodha za dunia za watu waliothibitishwa kuvuka miaka 110 zimejaa majina kutoka Japani, Marekani, Ufaransa, Italia na Uingereza. Majina ya Afrika ni machache mno. Dar es Salaam haijapata kupungukiwa na wazee wanaosemwa wamefika umri huo. Kilichopungua ni karatasi iliyoandikwa siku walipozaliwa, na historia ya Kariakoo inaonyesha ilikopotelea.

Mwezi unajulikana, mwaka haujulikani

Watu wa pwani hawakuwa watu wasiohesabu. Mtoto aliyezaliwa mwezi wa mfungo aliitwa Ramadhani, wa mwezi uliotangulia akaitwa Shabani, wa kabla ya hapo Rajabu. Wapo kina Maulidi, Idi na Mwanaidi, na kina Juma na Hamisi waliopewa siku ya wiki. Kwa hiyo mzee wa Kariakoo anaweza kuwa na siku au mwezi wake wa kuzaliwa ndani ya jina analoitwa, na bado asijue mwaka.

Na mwaka wenyewe ulikuwa wa aina zaidi ya moja. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, hivyo miaka 100 ya Kiislamu ni kama miaka 97 ya kalenda ya serikali. Mzee aliyehesabu miaka yake kwa miandamo ya mwezi akafika 110, kwa hesabu ya ofisi ana 106 na miezi kadhaa. Hapo hakuna aliyedanganya, lakini miaka mitatu imeongezeka.

Baadhi ya familia zenye wanavyuoni ziliandika uzazi wa watoto wao kwa herufi za Kiarabu, kwenye karatasi zilizohifadhiwa pamoja na vitabu vya dini. Wakristo walikuwa na daftari za ubatizo, na makanisa makubwa mawili ya mjini, la Mtakatifu Yosefu na la Kilutheri la Azania Front, yalijengwa na Wajerumani tangu miaka ya mwisho ya karne ya 19. Lakini wengi wa waliojaza Kariakoo walikuwa Waislamu kutoka vijiji vya Uzaramo, Rufiji na Kusini. Kijijini hakukuwa na daftari lolote, na mtu alifika mjini akiwa tayari kijana, pengine na umri aliokadiriwa na karani wa kodi kwa kumtazama tu usoni.

Pale daftari lilipokosekana, matukio yalishika nafasi yake. Maji Maji ilikuwa 1905 hadi 1907. Waingereza waliingia Dar es Salaam Septemba 4, 1916. Homa kuu ya mafua ilipita 1918 na 1919. Sanamu ya Askari ilizinduliwa 1927. Makuli wa bandarini waligoma 1939, na tena 1947 mgomo wao ukaenea nchi nzima. TANU ilizaliwa Julai 7, 1954, New Street, mtaa ambao sasa ni Lumumba. Makarani wa sensa nao walitumia njia hiyo hiyo: walibeba orodha ya matukio makubwa ya nchi na ya wilaya, wakamuuliza mzee alikuwa mkubwa kiasi gani tukio fulani lilipotokea, kisha wakakadiria.

Njia hiyo ni nzuri, ila ina mitego yake. Simulizi la mama lililorudiwa jikoni kwa miaka thelathini hugeuka kumbukumbu ya mtoto, na aliyezaliwa 1922 anaweza kukueleza, kwa moyo safi, jinsi Mwingereza alivyoingia mjini. Pia watu wasiojua miaka yao hupenda namba zinazoishia kwa sifuri au tano. Wataalamu wa takwimu wanaifahamu tabia hiyo, na katika sensa za nchi nyingi zenye usajili hafifu, wenye miaka 60 au 70 huonekana wengi kupita kiasi, huku wenye 61 au 69 wakiwa haba.

Fagio la Mwanza

Kisa kimoja kinaonyesha jinsi ilivyokuwa vigumu kuthibitisha kitu chochote cha zamani cha mtu asiye na karatasi. Kinamhusu Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Kijerumani katika Afrika Mashariki, aliyeweka silaha chini Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, Novemba 25, 1918. Mwaka 1953 alirudi Dar es Salaam kutembea, akapokewa na askari wake wa zamani waliokuwa wamezeeka pamoja naye.

Lettow-Vorbeck alifariki Machi 9, 1964, akiwa na miaka 93. Hesabu hiyo haina ubishi, kwa sababu siku aliyozaliwa, Machi 20, 1870, iliandikwa. Mwaka huo huo bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kuwalipa askari wa Kiafrika waliobaki hai malimbikizo ya mishahara ya vita. Dawati la malipo likafunguliwa Mwanza, na wazee wapatao 350 wakajitokeza.

Inasimuliwa kwamba ni wachache tu waliokuja na hati walizopewa na kamanda wao mwaka 1918. Wengine walileta vipande vya sare zilizochakaa, na wengine hawakuleta chochote. Ofisa wa benki aliyetoka Ujerumani akapata wazo. Kila mzee aliyefika mbele yake alipewa fagio, akaamriwa kwa Kijerumani afanye gwaride la bunduki. Hakuna aliyeshindwa. Miili ilikuwa imehifadhi amri kwa karibu nusu karne, na malipo yakatolewa.

Fagio lile lilithibitisha kwamba mzee alikuwa askari. Halikuweza kusema alikuwa na miaka 65 au 80. Na hao walikuwa na bahati, kwa sababu upande wa pili wa vita wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa kuhara, homa na njaa, na mishahara ya wengi wao haikudaiwa kwa sababu ndugu zao hawakupatikana.

Rupia za Bi Kidude

Mtu maarufu kuliko wote katika mjadala huu alikuwa Mzanzibari. Fatuma binti Baraka, ambaye dunia ilimjua kwa jina la Bi Kidude, alifariki Aprili 17, 2013. Katika miaka ya 1930 aliishi na kuimba Dar es Salaam kabla ya kurudi Unguja. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX kwa mchango wake katika muziki, akiwa bado anapiga ngoma ya unyago, anavuta sigara na anasafiri Ulaya kutumbuiza. Matangazo mengi yalimwita mwimbaji mkongwe kuliko wote duniani. Alipofariki, wapo waliosema amefika mia na ushee, na wapo waliompa zaidi ya 110.

Mwenyewe alisema alizaliwa Mfagimaringo, binti wa mchuuzi wa nazi, enzi za rupia, kabla ya vita ya kwanza. Ushahidi wa rupia unastahili kupimwa. Dar es Salaam, rupia iliondoka mwanzoni mwa miaka ya 1920 na shilingi ya Afrika Mashariki ikashika nafasi yake, kwa hiyo mtu wa Kariakoo anayesema alizaliwa wakati wa rupia anajiweka kabla ya hapo. Zanzibar mambo yalikuwa tofauti, kwani rupia ilitumika mpaka mwisho wa 1935. Kwa Unguja, basi, "enzi za rupia" ni kipindi kirefu mno kuweza kumfunga mtu kwenye muongo mmoja.

Kigezo cha pili ni Siti binti Saad. Bi Kidude alisema alijifunza kuimba utotoni, akiwa na umri wa kama miaka kumi, kwa kumsikiliza Siti. Siti alivuma miaka ya 1920, na mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri. Ukiziweka habari hizo pamoja, kuzaliwa kwa Bi Kidude kunaangukia vizuri katika miaka ya 1910, na wakati wa kifo chake angekuwa na miaka tisini na kitu, au mia na kidogo. Umri wa 113 hauwezi kusimama kwa ushahidi huo. Wala haukuhitajika, kwa maana mwanamke anayejaza kumbi za Ulaya akiwa na miaka tisini hana haja ya kuongezewa ishirini ili astaajabishe.

Lakini nyongeza hizo zina sababu. Pwani, uzee ni cheo. Mwalimu Nyerere alipotaka kulitangazia taifa vita dhidi ya Idi Amin, Novemba 2, 1978, aliwaita wazee wa Dar es Salaam katika ukumbi wa Diamond Jubilee na kusema nao. TANU yenyewe ilikuwa na Baraza la Wazee tangu miaka yake ya kwanza. Katika jamii inayompa mzee kiti cha mbele, miaka haipungui inapopita kinywa hadi kinywa.

Dunia nzima iliongeza

Wageni wanaokuja na karatasi zao nao wamewahi kuaibika. Mwaka 1973 alifariki Shirali Muslimov wa Azabajani, ambaye Muungano wa Kisovieti ulimtangaza kuwa na miaka 168. Bonde la Vilcabamba, Ekwado, lilisifiwa miaka ya 1970 kuwa makao ya watu wa miaka 120 na zaidi. Watafiti walipopekua rekodi za kijijini walikuta hakuna hata mmoja aliyefika mia. Afrika nayo ilikuwa na wa kwake: mwaka 2013 Dhaqabo Ebba wa Ethiopia alisemwa ana miaka 160, kwa kigezo kwamba alikuwa tayari na wake wawili pale Waitalia walipovamia mwaka 1895.

Japani, yenye daftari za familia zinazoheshimika duniani, ilipata mshtuko wake Julai 2010. Maofisa wa Tokyo walikwenda kumpongeza Sogen Kato kwa kutimiza miaka 111, wakakuta mabaki yake kitandani. Alikuwa amekufa zaidi ya miaka 30 iliyopita na familia iliendelea kupokea pensheni. Ukaguzi uliofuata ulionyesha watu zaidi ya 230,000 wa miaka 100 na kuendelea ambao walikuwa hai kwenye daftari tu. Baadaye mtafiti Saul Newman alionyesha kwamba katika majimbo ya Marekani, pale vyeti vya kuzaliwa vilipoanza kutolewa kwa wote, idadi ya waliodai kufika 110 ilishuka kwa asilimia 69 hadi 82. Kazi hiyo ilimpatia tuzo ya Ig Nobel mwaka 2024.

Ndiyo maana rekodi ya dunia inashikiliwa na mtu aliyechunguzwa hadi mfupa wa mwisho. Jeanne Calment alizaliwa Arles, Ufaransa, Februari 21, 1875, wakati Zanzibar ilikuwa chini ya Sayyid Barghash na Dar es Salaam ya Sultani Majid ilikuwa imeanza kuachwa magofu. Alifariki Agosti 4, 1997, akiwa na miaka 122 na siku 164. Cheti cha kuzaliwa, ubatizo, ndoa na sensa moja baada ya nyingine vilimfuata maisha yake yote. Hata hivyo, mwaka 2018 Mrusi Nikolay Zak alidai kwamba aliyekufa 1997 alikuwa binti yake, Yvonne, aliyechukua jina la mama mwaka 1934. Watafiti waliomthibitisha Calment wakarudi kwenye nyaraka na kulijibu dai hilo, na rekodi ikabaki. Aprili 30, 2025, taji la mtu mzee kuliko wote walio hai lilimfikia Mwingereza Ethel Caterham, aliyezaliwa Agosti 21, 1909.

Wakaguzi wa rekodi hizi hutaka ushahidi wa mwanzo wa maisha, wa katikati na wa mwisho, unaosema jambo moja. Kitambulisho cha uzeeni peke yake hakitoshi. Fredie Blom wa Afrika Kusini alikuwa na kitambulisho kinachosema alizaliwa Mei 8, 1904, lakini alipofariki Agosti 2020 alikuwa bado hajathibitishwa.

Afrika Mashariki ina wazee ambao nyaraka zao zingepita mtihani huo, na karibu wote ni watu waliopita shule mapema. Charles Njonjo, mwanasheria mkuu wa kwanza wa Kenya huru, mtoto wa chifu, alisoma Alliance, Budo, Fort Hare na London. Alizaliwa Januari 23, 1920, akafariki Januari 2, 2022, siku 21 kabla ya kutimiza 102. Aboud Jumbe, rais wa pili wa Zanzibar, alizaliwa Juni 14, 1920, akafariki Kigamboni Agosti 14, 2016. Ali Hassan Mwinyi, aliyezaliwa Mei 8, 1925, alifariki Dar es Salaam Februari 29, 2024, akiwa na miaka 98. Kariakoo inamkumbuka Mwinyi, aliyeitwa Mzee Rukhsa, kwa sababu yake yenyewe, kwani kufungua biashara katika miaka yake ya urais, 1985 hadi 1995, ndiko kulikoligeuza eneo hilo la nyumba za Kiswahili kuwa maghorofa ya maduka. Nyumba nyingi za wazee zilibomolewa hapo, na masanduku yaliyohifadhi risiti za kodi na hati za zamani yakahamia Mbagala, Tandika na Gongo la Mboto, au yakapotea njiani.

Daftari lilivyochelewa

Sheria ya kusajili vizazi na vifo Tanganyika ni ya mwaka 1920. Tatizo ni nani alilazimika kuifuata. Wazungu na Wahindi waliandikishwa mapema, na kwa Waafrika usajili ulienea taratibu, wilaya kwa wilaya, kwa miongo mingi. Kwa hiyo katika mji mmoja uliogawanywa kanda tatu, mtoto wa Uzunguni na wa Uhindini alipata cheti, na yule wa ng'ambo ya Mnazi Mmoja akabaki na jina lake la Ramadhani.

Mkia wa historia hiyo ulikuwa mrefu. Hata mwaka 2010, watoto wa chini ya miaka mitano waliosajiliwa nchini hawakufika mmoja kati ya watano. RITA, wakala uliopewa kazi hiyo 2006, ulianza 2013 mkoani Mbeya mpango wa kuwasajili watoto hao bila malipo, kwa msaada wa simu za mkononi, kisha ukaupeleka mikoa mingine. Kwa wazee njia ni nyingine: hati ya kiapo, mashahidi, na tarehe ya kukadiria, mara nyingi Januari 1 au Julai 1.

Wengine huona umri wa mzee kuwa jambo la kupigia soga barazani tu. Zanzibar hawalioni hivyo tena, kwa sababu tangu Aprili 2016 mkazi aliyetimiza miaka 70 hulipwa pensheni jamii, iliyoanza na shilingi 20,000 kwa mwezi, na mwaka mmoja uliokosewa ni miezi 12 ya fedha. Bara, sera ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuanzia miaka 60, na huduma za afya anazostahili hutegemea aonekane ana umri huo kwenye karatasi.

Mwenye bibi au babu aliyekula chumvi nyingi asingoje kamera za televisheni zije kumuuliza siri ya maisha marefu. Amuulize yeye mwenyewe, leo, nani alizaliwa kabla yake na nani baada yake, alikuwa amefunga ndoa au la TANU ilipoanza, mtoto wake wa kwanza alizaliwa kabla ya Uhuru au baada yake. Aandike majibu yote pamoja na jina la aliyeyatoa na tarehe ya siku hiyo. Kama ipo risiti ya kodi, kadi ya TANU, cheti cha ndoa cha kadhi au ukurasa wa zamani wenye maandishi ya Kiarabu, apige picha na kuweka nakala mahali pawili. Kisha apeleke nakala RITA, na vitukuu wote wasajiliwe kabla hawajaanza shule.